Jibu Refu, Tafsiri Fupi

Tangu nilipokabidhi funguo za kabati la daftari mwezi uliopita, vijana wawili wa wodini wamekuja kwangu mara tatu wakiniomba niandike habari za miaka yangu ya ukalimani. Wanataka nieleze nilivyofika nilikofika. Mambo ya vyeo na mshahara yamo kwenye faili langu, na mwenye hamu akayasome huko. Faili lenyewe ni jembamba, hatachoka. Mimi nitaandika habari ya jibu moja ambalo sikulielewa, wakati wa Waingereza, na habari ya mtu aliyelielewa.

Nilianza kazi hospitali ya misheni nikiwa kijana mwenye ndevu tatu, nimetoka upande wa Ikungi kwa miguu, nimevaa viatu vyangu vya kwanza. Aliyenipokea ni Mzee Zakayo, Mnyiramba, dresa mkubwa wa pale, mkuu wa wafunga vidonda. Nilimpa shikamoo. Akaitika marahaba, akavitazama viatu.

"Hivyo vitawaamsha wagonjwa," akasema. "Vivue."

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza nilifanya kazi peku. Daktari, Mzungu mrefu mwenye mikono mikubwa, alikuwa na Kiswahili alichojifunza kitabuni, kizuri sana, ambacho mama zetu wa vijijini hawakukielewa hata kidogo. Alimwambia bibi mmoja, "Tafadhali nitolee ulimi." Bibi akasimama, akafunga mgolole wake, akataka kuondoka, maana hakuja kutukanana. Nikamweleza kwa Kinyaturu kwamba daktari anataka kuuona tu. Akakaa, akautoa, na Daktari akanitazama kana kwamba nimefanya muujiza. Labda ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Vyombo vya kazi yangu vilikuwa viwili: penseli na daftari lenye jalada gumu. Mzee Zakayo alinichorea safu ndani yake, Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kitaturu, na kila jioni nilijaza maneno ya maumivu: kuchoma, kukata, kuwasha, kuvuta. Maumivu yana majina mengi kuliko furaha, mtaligundua wenyewe. Mzee huyo alinifundisha pia nisimtazame daktari wakati mgonjwa anasema. Nimtazame mgonjwa mdomoni. Na alikuwa na msemo wake: "Neno 'sijaelewa' ni kama kwinini. Chungu, lakini meza."

Mimi niliimeza mwaka wa kwanza, nikaimeza wa pili. Wa tatu nikaacha.

Nieleze vizuri nilivyokuwa, maana anayenijua sasa anaweza kudhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, nimechaguliwa mzee wa kanisa kabla mvi hazijanigusa. Jumapili nikipangwa kuhubiri, watu wa vijiji vitatu walikuja, na wengine walikaa nje chini ya madirisha. Nilipenda hasa kuhubiri juu ya unyenyekevu. Niliuhubiri vizuri mno, nilikuwa nikirudi nyumbani namuuliza mke wangu, "Wamesemaje?" Kazini, Daktari aliwaambia wageni wake, hata Bwana DC alipopita, kwamba Elia ana lugha sita. Sita! Kitaturu nilikijua kwa kuuza ng'ombe na mbuzi mnadani, yaani nilijua rangi, umri, hapana, na ndiyo. Lakini sikumsahihisha.

Pale hospitalini alikuwapo mfagiaji jina lake Ntandu. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi na tano, lakini sikumwamkia shikamoo hata siku moja. Nilimwita Ntandu tu, kama unavyomwita mtu wa mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye magoti magumu kwa kupiga deki. Mama yake alikuwa Mtaturu, naye alikulia kwa wajomba akichunga, hivyo Kitaturu kilikuwa lugha ya mama yake hasa. Alikuwa katika darasa la ubatizo mwaka wa nne. Mara tatu tulimpima, na mara tatu nilimrudisha mimi mwenyewe, kwa sababu alikuwa akizichanganya Amri Kumi. Alizijua zote, ila hazikutoka kwa mpangilio.

Siku moja nilikuwa namkalimania mzee wa Kitaturu aliyekuwa na jipu la ndani, nikamwambia Daktari ni mguu wa kushoto. Ntandu alikuwa anafuta sakafu. Akainua kichwa, akasema taratibu, "Elia, anasema mguu wa kulia."

Nilimgeukia mbele ya wodi nzima. "Ntandu," nikasema, "lugha yako wewe ni ya ndoo na dekio. Ukitaka kazi ya mdomo, kwanza zipange Amri za Mungu."

Watu wakacheka. Hata wagonjwa ambao hawakuelewa walicheka, kwa kufuata wenzao. Ntandu akainama akaendelea kufuta. Na kweli jipu lilikuwa mguu wa kulia.

Haukupita muda akaletwa binti wa Kitaturu, wa miaka kama tisa. Mama yake alimbeba mgongoni mwendo wa siku mbili kutoka mbugani, mguu umevimba, mfupa wa paja umeoza ndani na unatoa usaha. Nilimwandika kitabuni. Jina lake nililikosea, maana sikuuliza mara ya pili, na kwa sababu hiyo silitaji hapa. Daktari akasema atampasua kesho yake asubuhi ausafishe mfupa. Akaniagiza nimwambie mama kwamba tangu jioni mtoto asile wala asinywe chochote, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Mnajua ninyi kwa nini: tumbo likiwa na kitu, mtoto akiwa amelala kwa etha, kinapanda na kuingia mapafuni.

Nikamwambia mama. Nilivyoona mimi, nilimwambia. Akaitika.

Asubuhi Daktari alikuwa amekwisha kunawa, mikono ameinua juu, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mama ameshika vidole vya mguu mzima. Ntandu alikuwa palepale ukumbini na ndoo yake ya laisoli, ile dawa ya kuulia vijidudu.

"Elia, muulize mama. Mtoto amekula au amekunywa chochote?"

Nikauliza. Mama akajibu. Alijibu kwa maneno mengi, akionyesha kwa mkono, akimtazama mtoto, na hata akatabasamu kidogo. Nikashika "jana". Nikashika "maziwa". Nikashika "alikataa". Katikati ya maneno hayo matatu kulikuwa na mengine ambayo yalinipita kama upepo wa Julai. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Hapo nikaona Ntandu ameacha dekio. Amenyooka, mdomo umefunguka. Nikamtazama. Ninajua nilimtazama jinsi gani. Akafumba mdomo, akainama.

"Hajanywa kitu," nikamwambia Daktari. "Jana maziwa yenyewe aliyakataa."

Wakamwingiza. Mimi niliingia pia, maana kazi yangu ilikuwa kumsemesha mgonjwa mpaka asinzie. Mzee Zakayo akamwekea kile kichujio cha waya na shashi puani, akadondosha etha. Mtoto alinitazama, akapepesa macho, akalala. Daktari alikuwa ameshika kisu tu, hajakata bado, mtoto alipokohoa, kifua kikaruka, na maziwa yakatoka mdomoni na puani. Mengi. Meupe kabisa, ya asubuhi ile.

Miaka yote iliyofuata sijaona kitu kilichonishtua kama weupe ule. Wao walimgeuza, wakamwinamisha kichwa, Mzee Zakayo akatia vidole kooni kuyatoa, Daktari akamfyonza kwa mpira, akampulizia pumzi kwa kinywa chake mwenyewe. Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi. Mimi nilisimama ukutani na daftari langu mkononi. Walihangaika muda mrefu. Halafu Daktari akaketi sakafuni, mtu mkubwa vile, akaketi sakafuni na kanzu yake ya upasuaji.

"Maziwa," akasema. Kisha akainua macho. "Nenda ukamuulize kwa nini alituficha."

Nilitoka. Mama aliniona usoni akajua. Nikamwambia kwa Kitaturu changu cha mnadani kwamba mtoto amekufa, tena kwamba ni maziwa. Hakupiga kelele. Alisema maneno mengi, haraka, akinishika kifuani kwa shati, akilirudia jambo moja tena na tena. Sikuelewa. Lakini safari hii nilijua kwamba sikuelewa, na nilijua pia alikuwa anasema nini.

Nikarudi ndani. "Anasema alisahau," nikasema.

Neno hilo hakulisema yeye. Nililitunga mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, huku maiti ya mwanawe ikiwa haijafunikwa. Na jinsi lilivyotoka laini ndicho kinachonishtua hadi leo. Mchana huo wodi nzima ilikuwa ikisema kwamba Wataturu hawasikii, ni watu wa ajabu, mama gani huyu. Yeye alimfunga mwanawe mgongoni, mgongo uleule, akaondoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili nilikuwa nimepangwa kuhubiri.

Jumamosi saa nne nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko la kuchemshia vyombo, najaribu kuandaa mahubiri. Ndiyo, najua. Niliandaa. Ntandu akaja. Nikajua kisasi kimefika. Nilitazamia aseme, "Nitakushtaki," au aseme, "Unanipa nini ninyamaze," na nilikuwa na majibu ya yote mawili.

Ntandu akapiga magoti mbele yangu, yale magoti yake magumu, kwenye majivu.

"Elia," akasema, "mimi nimeua mtoto wa watu."

Nikamwambia ainuke. Akakataa.

"Nilimsikia mama yule. Alisema jana mtoto alikataa maziwa, lakini leo alfajiri ameamka na njaa, akaomba mwenyewe, akanywa kibuyu kizima, na yeye mama akafurahi. Nilisikia kila neno. Nikataka kusema. Ukanitazama."

"Basi ni kosa langu," nikasema.

"La kwako unalijua wewe. Mimi nasema la kwangu. Siyo kwamba niliogopa. Ningeogopa, ingekuwa afadhali. Nilisema moyoni: mwacheni. Leo aanguke mbele ya Mzungu, wote waone. Nilitaka uaibike, Elia. Sikumfikiria mtoto. Nilikuwa nakufikiria wewe na mimi tu." Akafuta uso kwa kiganja chenye majivu. "Miaka minne nakaa darasani nikijiona mnyenyekevu kwa sababu nashika dekio. Kumbe nilikuwa nangoja siku yangu. Wewe ni mzee wa kanisa. Nisikilize, halafu nipeleke kwa Daktari."

Nimesikia maungamo mengi maishani. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimejiandaa kukabiliana na adui, nikaletewa mtu anayelia kwa dhambi ambayo mimi ndiye niliyeizaa, na amekuja kuitubu kwangu! Nilishuka kwenye kibao nikakaa naye majivuni. Nikamwambia habari ya lile neno "alisahau". Alinitazama kwa mshtuko, kwa sababu hilo hakulijua. Kisha akasema tu, "Twende wote."

Daktari alitusikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza akaenda dirishani, akatupa mgongo. Nilitarajia anifukuze, na nilitaka anifukuze.

"Jibu la mama lilikuwa refu," akasema, bado anatazama nje. "La kwako lilikuwa fupi. Niliona hivyo. Nilikuwa nimekwisha kunawa, sikutaka kunawa tena, nikanyamaza." Akageuka. "Jumatatu mtakwenda kwake. Mimi nitakwenda nanyi."

Jumapili nilisimama madhabahuni bila mahubiri. Niliwaambia watu nilichofanya, nikaomba nivuliwe uzee wa kanisa. Walinivua. Watu walinipita mlangoni bila kunipa mkono, na mke wangu alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Hakuniuliza nimehubirije, wala mimi sikuuliza wamesemaje.

Tulifika mbugani Jumanne. Gari la misheni lilitufikisha kwenye miamba, tukamaliza kwa miguu. Wanaume wa boma la mama yule walitoka na mikuki yao. Ntandu akaanza maneno yake taratibu, akataja wajomba zake, wakaturuhusu kukaa. Mama akaletwa. Amenyoa nywele kwa msiba.

Nilianza kumsalimia kwa Kitaturu changu. Akanitazama akasema kitu kwa Ntandu.

"Anasema usiseme lugha yake," Ntandu akaniambia. "Sema yako, mimi nitampa."

Basi mimi, mkalimani wa lugha sita, niliungama kupitia mdomo wa mfagiaji. Nilisema jambo kwa Kinyaturu, kisha nikangoja, nikimtazama usoni wakati maneno yangu yanamfikia, bila kujua yamefikaje. Hapo ndipo nilipojua wagonjwa walivyokuwa wakiniona miaka yote ile. Ntandu hakupunguza neno. Alipolifikia la kwamba nilisema amesahau, wanaume wakanyanyuka. Mama akainua mkono, wakakaa.

Kisha akasema yeye, polepole, akiacha nafasi ili Ntandu anipe.

"Jioni ile uliniambia nisimlazimishe maziwa. Sikumlazimisha. Aliomba mwenyewe."

Nikataka kusema. Ntandu akanizuia.

"Asubuhi nilikueleza. Ukaitikia kwa kichwa. Nikasema, huyu ni mtu wa dawa, anajua, maziwa si kitu kwao. Mtoto alipokufa nilikueleza tena na tena. Nimekaa hapa siku hizi najiuliza nilisema vibaya wapi."

Hilo ndilo lililompata mama yule. Alikuwa amemzika mwanawe huku akidhani kosa ni la ulimi wake. Nilifunika uso. Daktari, aliyekuwa amekaa chini na kofia magotini, alisema kwa Kiswahili kwamba na yeye ana kosa, Ntandu akalipeleka, kisha Ntandu naye akasema la kwake mwenyewe, moja kwa moja, bila mkalimani. Mama alimsikiliza Ntandu kuliko sisi wote. Mwisho akasimama.

"Anasema hajatusamehe," Ntandu akaniambia. "Anasema lakini sasa atalala usingizi."

Tukaondoka.

Daktari hakunifukuza. Nilishika dekio wodini kiangazi chote, Ntandu akiwa juu yangu. Alikuwa mkali kuhusu pembe za vyumba. Nilipopita nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee Ntandu," na mara ya kwanza alikaribia kudondosha ndoo. Mchana alinifundisha Kitaturu tangu mwanzo, kama mtoto, na kunifanya nirudie kila nilichosikia. Hapo ndipo ilipoanza kanuni mnayoilalamikia hadi leo, kwamba mkalimani amrudishie mgonjwa maneno yake kwanza, mgonjwa akubali, ndipo yaende kwa daktari. Mnasema inachelewesha. Inachelewesha kweli.

Mwaka uliofuata Ntandu alibatizwa, Amri zikiwa bado hazijapangika. Mwaka huohuo makanisa ya Iramba yakaanza kuniita nikatoe ushuhuda wa anguko langu. Nilikwenda la kwanza kwa kutetemeka. La pili kwa machozi. Kufikia la nne nilikuwa nimejua ni wapi nishushe sauti na ni wapi akina mama wataanza kulia, na nikawa nawangoja. Tukiwa njiani kurudi, Ntandu akasema, "Ndugu yangu, umeanza kuisimulia vizuri mno."

Nilisimama barabarani kama niliyepigwa jiwe. Kiburi kilikuwa kimerudi, kimevaa nguo za toba. Sikuisimulia tena kanisani, na mpaka leo sijaiandika popote ila hapa, na hata hapa nimefuta ukurasa mmoja uliokuwa unapendeza.

Mama yule alikuja hospitali mara moja tu baada ya hapo, mvua za pili, na kikohozi kizito. Alipofika mlangoni mwa wodi aliniona. Nilisimama, nikaacha kiti cha mkalimani nilichokuwa nimerudishiwa, nikamwita Mzee Ntandu aje akae. Akaketi. Daktari akauliza, Ntandu akauliza, mama akajibu, Ntandu akamrudishia, mama akakubali. Kazi ilikwenda pole, ikawa safi. Mama akakohoa, akahitaji mahali pa kutemea. Aliyekuwa karibu na beseni ni mimi. Nikalichukua, nikalishika chini ya kidevu chake, na mikono yangu ikawa inatetemeka hata maji ya laisoli yakacheza ndani.

Alitema. Akanitazama kwa karibu sana, kama anayesoma. Kisha akamwambia Ntandu neno.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema ushike beseni vizuri."

Nikalishika vizuri.